Kulichambua Shairi la Kiswahili: Mwongozo Kamili wa Umbo, Tamathali na Maana

Wanafunzi wengi wanazijua tamathali za semi, yaani mbinu za kusema jambo kwa picha badala ya kulisema wazi, kwa majina. Muulize mmoja, atakutajia sitiari, tashbihi, tashihisi, takriri na chuku bila kusita. Mpe shairi asilowahi kuliona, naye ataandika: "Mshairi ametumia sitiari, tashihisi na takriri." Kisha nukta. Amezitaja tamathali, lakini shairi lenyewe bado hajaligusa.

Mshairi hutumia tamathali pale lugha ya kila siku inaposhindwa kulibeba jambo alilo nalo. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila unapoikuta ni hili: imefanya kazi gani katika mshororo (mstari wa shairi) huu, ambayo neno la kawaida lisingeifanya? Mwongozo huu wote unalifuata swali hilo. Nimetunga shairi fupi ili tulichambue pamoja. Lisome lote kabla hujaendelea.

NGALAWA

Iliyabeba machungu, ya njaa ya majirani,
Ikapigana na wingu, na mawimbi baharini,
Leo yaota ukungu, kaa wamo ubavuni,
Ngalawa ya baba yangu, imelala mchangani.

Wamekuja na mashoka, waitaka iwe kuni,
Walokula wakacheka, samaki wake chunguni,
Ni nani anokumbuka, tanga lake upeponi?
Ngalawa ya baba yangu, imelala mchangani.

Baba kakalia kiti, mkono upo shavuni,
Hasemi neno hateti, macho yamo baharini,
Na vijana hawamwiti, shaurini barazani,
Ngalawa ya baba yangu, imelala mchangani.

Hatua ya kwanza: lisome kwa sauti

Usichukue kalamu bado. Ushairi wa Kiswahili ulighaniwa na kuimbwa, na mpaka leo watu huupokea kwa sikio kwanza: harusini, kwenye maulidi, redioni. Ile koma ya katikati ya mshororo ni mahali pa kuvutia pumzi. Ukisoma kimyakimya utaiona koma, lakini mapigo hutayasikia.

Sasa soma ubeti wa pili kwa sauti, taratibu. Mashoka, waitaka, kuni, walokula, wakacheka, anokumbuka. Sauti /k/ inagonga kila mahali. Ukiacha kando mshororo wa mwisho, sauti hiyo imo mara 12 katika mishororo mitatu, ilhali katika mishororo mitatu ya ubeti wa kwanza imo mara 3 tu. Ubeti huo unahusu watu waliokuja kukata, na masikio yako yanayasikia mashoka yakifanya kazi kabla akili haijauliza lolote. Huu ni urudiaji wa konsonanti, nao ni aina ya takriri. Nakutahadharisha, hata hivyo: usidai kila sauti inayojirudia ina maana. Kiswahili kina viambishi vingi, na /w/ itajirudia popote watu wanapotajwa. Sauti huwa na uzito inapoongezeka ghafla mahali ambapo maana nayo inabadilika, kama ilivyo hapa.

Hatua ya pili: andika maana ya juu kwa nathari

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu huirukia maana ya ndani kabla ya kuijua ya nje. Chukua kila ubeti uuandike kwa sentensi za kawaida, bila kupamba na bila kufasiri.

Ubeti wa kwanza: ngalawa ya baba wa msemaji iliwasaidia majirani wakati wa njaa, ikastahimili hali mbaya ya hewa na mawimbi. Sasa imeota ukungu, kaa wameingia ubavuni, nayo ipo mchangani. Wa pili: watu wamekuja kuipasua wapate kuni, na ni walewale waliokula samaki waliovuliwa nayo. Wa tatu: baba ameketi kimya akitazama bahari, na vijana hawamwiti kwenye mashauriano.

Ukikwama kwa neno, tazama kamusi sasa hivi. Mashairi ya kale yana msamiati wa Kiamu (lahaja ya Lamu), Kimvita (lahaja ya Mombasa) na Kiarabu ambao huwezi kuubahatisha, na neno moja usilolijua linaweza kukupotezea ubeti mzima. Katika karatasi ya fasihi ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ambamo swali la ushairi hubeba alama 20, mara nyingi mtahiniwa huagizwa aandike ubeti fulani kwa lugha ya nathari. Aliyezoea hatua hii hupata alama hizo bila jasho.

Hatua ya tatu: pima umbo

Hesabu kwanza, maneno baadaye. Kila ubeti una mishororo minne, kwa hiyo hili ni tarbia. Lingekuwa na mitatu tungeliita tathlitha, na mitano takhmisa. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8. Hakikisha mwenyewe: i-li-ya-be-ba-ma-chu-ngu. Kumbuka kwamba /m/ inayosimama peke yake mbele ya konsonanti huhesabiwa kuwa mizani kamili, ndiyo maana m-cha-nga-ni ni mizani nne. "Mwi" katika "hawamwiti" ni mizani moja tu, kwa sababu sauti zote zinaegemea irabu moja.

Vina sasa, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande. Vya mwisho ni -ni kuanzia mwanzo hadi tamati. Vya kati ni -ngu katika ubeti wa kwanza, -ka katika wa pili na -ti katika wa tatu, ukiacha mshororo unaorudiwa. Vina vya upande mmoja vikitiririka na vya upande wa pili vikibadilika, bahari yake, yaani aina ya shairi kwa umbo, ni ukara. Vingetiririka pande zote mbili ungekuwa mtiririko, na vingebadilika pande zote kutoka ubeti hadi ubeti ungekuwa ukaraguni. Mshororo wa mwisho unaorudiwa neno kwa neno ni kibwagizo.

Wengi huishia hapo, na wameliacha swali letu. Je, umbo hili limefanya kazi gani? Kitazame kibwagizo. Maneno ni yaleyale mara tatu, lakini maana haikai mahali pamoja. Mara ya kwanza ni habari tu: ngalawa imelala mchangani. Mara ya pili, baada ya mashoka na swali la "ni nani anokumbuka", mshororo uleule umekuwa mashtaka. Mara ya tatu tumekwisha kumwona baba kitini, mkono shavuni, na sasa hatuna hakika tena kama kilicholala mchangani ni chombo au mtu. Nawasihi wanafunzi wote wa ushairi: mkikuta kibwagizo, msiandike tu kwamba "kinasisitiza ujumbe". Kifuatilieni ubeti kwa ubeti muone kinavyogeuka.

Hatua ya nne: nani anasema, na anamwambia nani?

Nafsineni ni yule anayezungumza ndani ya shairi. Si lazima awe mshairi. Mwanamume anaweza kutunga kwa sauti ya mjane, na kijana kwa sauti ya mzee. Nafsinenewa ni anayeambiwa. Katika utenzi maarufu wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, nafsineni ni mama anayemwusia binti yake, na ukilisahau hilo huwezi kuielewa sauti ya upole na haraka iliyomo, ya mzazi anayeona muda wake umebaki mchache.

Katika "Ngalawa" nafsineni ni mtoto wa mvuvi. Ushahidi ni "baba yangu", na ushahidi ni lazima uutoe. Jinsia yake haijatajwa, kwa hiyo usiandike "kijana wa kiume" kwa mazoea. Anayeambiwa hatajwi pia, ila swali la ubeti wa pili linaelekea kwa jamii nzima. Ukishamjua msemaji, toni inajitokeza: huzuni iliyochanganyika na lawama, lawama ambayo haijafikia matusi.

Hatua ya tano: tafuta mahali maana ya juu inapokwama

Rudi kwenye nathari uliyoandika. Popote ulipolazimika kubadilisha maneno ili sentensi iwe na mantiki, pana tamathali.

"Iliyabeba machungu." Machungu hayabebwi na chombo. Kilichobebwa ni samaki, lakini mshairi amewaruka samaki akaenda moja kwa moja kwenye shida waliyoiondoa. Hii ni sitiari, na kazi yake ni kuifanya ngalawa mshiriki wa dhiki za watu, si chombo cha biashara tu.

"Ikapigana na wingu." Kupigana ni kazi ya kiumbe hai, kwa hiyo hapa pana tashihisi, ambayo wengine huiita uhuishaji. Imeanza kuipa ngalawa utu, na utu huo tutauhitaji mbele. Mshairi hodari hutayarisha mapema kile atakachokitumia mwishoni.

"Imelala." Hapa twende polepole. Kiswahili cha kawaida kinasema gari limelala njiani na mti umelala barabarani, na hakuna anayefikiri kuhusu usingizi. Sitiari iliyozoeleka kiasi hicho imekufa, na kuitaja kama ustadi wa mshairi ni kumpa sifa asiyostahili. Lakini shairi linaweza kuifufua. Tukifika ubeti wa tatu, pale baba asiposema wala kuitwa, "imelala" inaanza kunuka mauti. Ukiieleza hivyo, umeonyesha kwamba umesoma.

"Ni nani anokumbuka?" Ni swali la balagha. Halisubiri jibu, linamwacha msomaji na aibu ya kukaa kimya.

"Walokula wakacheka" ndio wenye mashoka. Hiki ni kinaya cha hali: aliyetarajiwa kushukuru ndiye anayekuja kuangamiza. Usikichanganye na kejeli, ambayo ni dhihaka ya makusudi kwa maneno. Kinaya kinaweza kutokea bila mtu yeyote kumcheka mwenzake.

"Macho yamo baharini." Mshororo huu naupenda kuliko yote, kwa sababu unabeba mambo mawili kwa pamoja. Baba anatazama bahari, ndiyo, na pia macho yake yamo ndani ya maji, yaani yamejaa machozi. Utata wa namna hii haupaswi kusuluhishwa. Andika maana zote mbili na useme zinakutana wapi: kile alichokipoteza baharini ndicho kinachomliza.

Sasa simama utazame shairi lote kwa mbali. Ngalawa ilitumika, ikachoka, ikasahauliwa, na sasa inataka kupasuliwa. Baba alitumika, akachoka, na haitwi barazani. Hakuna mahali mshairi aliposema "baba ni ngalawa" au "baba kama ngalawa". Angesema kwa "kama" au "mithili ya" ingekuwa tashbihi. Angesema moja kwa moja kuwa kitu hiki ni kile ingekuwa sitiari. Picha inapotandazwa katika shairi zima na kuachiwa msomaji aifumbue, tunaiita jazanda. Tofauti hizi tatu husumbua watu, na njia ya kuzikumbuka ni kutazama nani anayefanya kazi ya kulinganisha. Katika tashbihi mshairi anakuonyesha daraja lenyewe. Katika sitiari analiondoa daraja na kuviunganisha vitu viwili. Katika jazanda anakupa upande mmoja tu, na wewe unauleta wa pili.

Majina ya tamathali hutofautiana kidogo kati ya Kenya na Tanzania. Utakuta tashbihi na tashibiha, chuku na mubaalagha. Fuata yanayotumika katika mtaala wako, na usipoteze usiku kubishana.

Neno kuhusu taswira, kwa sababu hupewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Taswira ni picha unayoiona, kuisikia, kuinusa au kuigusa kwa maneno tu. "Mkono upo shavuni" hauna sitiari wala tashbihi. Ni picha tupu ya mtu aliyeshika tama, na inatosha. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unawaonyesha wasomaji wake majumba ya mji wa Pate yaliyokuwa yaking'aa kwa taa. Madaka ya ukutani yaliyowekwa vyombo vya thamani sasa ni viota vya ndege, na bundi analia ndani ya nyumba. Fundisho la kwamba dunia haidumu lingeweza kusemwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo tungeisahau. Madaka yenye makinda ya ndege hayasahauliki.

Hatua ya sita: uhuru wa mshairi

Arudhi, yaani kanuni za utunzi kama vina na mizani, zinambana mtunzi, na lugha imempa njia za kujinasua. Kulifupisha neno ni inkisari: "walokula" badala ya "waliokula", "kakalia" badala ya "amekalia". Kulirefusha ni mazida, kama "enenda" badala ya "enda". Kubadili silabi bila kuongeza wala kupunguza idadi yake ni tabdila, kama mtunzi aandikapo "hurumu" badala ya "huruma" kwa kuwa kina chake ni -mu. Kubadili mpangilio wa kawaida wa maneno huitwa kuboronga sarufi.

Lakini angalia kabla ya kuhukumu. "Walokula" na "anokumbuka" ni maumbo yanayosikika katika lahaja za pwani, Kimvita ikiwemo, sokoni na nyumbani. Kwa mtunzi wa huko hilo linaweza kuwa neno lake la kila siku, na jina sahihi likawa matumizi ya lahaja. Mtihani utakubali inkisari ukieleza kuwa imetumika kutosheleza mizani. Msomaji makini ataongeza kwamba umbo hilo limempa nafsineni sauti ya pwani, inayofaa kabisa mtoto wa mvuvi.

Na kama shairi halina vina?

Mashairi huru yalizua mjadala mkali katika miaka ya 1970, hasa baada ya mshairi Mtanzania Euphrase Kezilahabi kuchapisha diwani yake Kichomi mwaka 1974. Wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni za jadi, walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Sitaufufua ugomvi huo hapa. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba hatua zote zilizotangulia zinafanya kazi, isipokuwa ya tatu inabadilika. Badala ya mizani, uliza kwa nini mshororo umekatwa pale ulipokatwa. Neno lililoachwa peke yake kwenye mstari limepewa uzito. Takriri na taswira hubeba kazi ambayo vina vingeifanya, kwa hiyo zipe muda zaidi.

Hatua ya saba: andika jibu

Kila hoja iwe na vitu vitatu: jina la mbinu, maneno yenyewe kutoka kwenye shairi, na kazi yake. Linganisha majibu haya mawili.

La kwanza: "Mshairi ametumia tashihisi, mfano 'ikapigana na wingu'. Hii inaleta mvuto." Mvuto upi? Jibu hili lingeweza kubandikwa kwenye shairi lolote duniani, na hilo ndilo kosa lake.

La pili: "Mshairi anatumia tashihisi katika 'ikapigana na wingu' ili kuipa ngalawa ujasiri wa mtu. Ujasiri huo unafanya kuachwa kwake mchangani kuwe dhuluma, na unamwandaa msomaji kuiona hali ya baba katika ubeti wa mwisho." Jibu hili haliwezi kuhamishwa. Ni la shairi hili peke yake.

Maneno kama "mvuto", "kupamba lugha" na "kusisitiza" yafute kila unapoyaona katika rasimu yako, kisha ujilazimishe kuandika kilichotokea hasa. Mwanzoni utahisi huna la kusema. Rudi kwenye mshororo, liondoe neno la mshairi, weka la kawaida, usome tena kwa sauti. Weka "ikavumilia wingu" mahali pa "ikapigana na wingu". Mizani haikuvurugika, bado ni 8, lakini ngalawa imegeuka kitu kinachopigwa tu bila kujibu. Tofauti unayoisikia ndiyo hoja yako.

Jaribu mwenyewe kwa ubeti huu:

Mlinzi wa ukutani, halali wala hachoki,
Hutuhesabia deni, na riba haipunguki,
Kwa tajiri, masikini, hahongeki hatishiki,
Mbona mimi kitandani, nakoroma sishituki?

Anza na nathari, kisha uhesabu. Mlinzi ni nani, na ni neno gani linalokupa hakika? Deni linalohesabiwa ni la nini, na kwa nini mtunzi akaongeza riba? "Masikini" na "sishituki" zina silabi ambazo wengi hawazitamki, kwa hiyo zitafutie jina kati ya yale tuliyoyataja. Sauti ya nafsineni inabadilika wapi, na anamlaumu nani? Ukimaliza, ondoa "nakoroma" uweke "nalala tu", na uandike kwa sentensi mbili kilichopotea.